Fichie Ilioza, Mama Lotsove Hakuoza

Siku ya kuniaga, vijana wa atelier, karakana yetu ya kompyuta, mlinipa saa ya ukutani. Kubwa, ya rangi ya dhahabu, ili nikikaa nyumbani kwangu Mudzipela nione vizuri kabisa jinsi nisivyo na pa kwenda. Asanteni. Inatembea mbele kidogo, kama ninyi wenyewe siku ya Ijumaa. Halafu mkaniomba niwaandikie "kitu kidogo" kuhusu miaka yangu ya kazi, maana mmegundua kwamba nimeondoka pamoja na kichwa changu. Haya basi, shikeni. Vyeo sitaviandika, kwa sababu atelier yetu ina vyeo viwili tu, anayejua na anayeshika tochi. Mshahara nao tuuache, tusianze kulia ukurasa wa kwanza. Kiswahili changu nimekivalisha nguo za Jumapili kidogo, lakini watu wakifungua kinywa humu ndani nitawaacha na nguo zao za kazi.

Kama karatasi hizi zitamwangukia mtu asiyetujua, ajue kazi yetu ni hii. Wafanyabiashara wa Bunia wanaweka hesabu zao ndani ya programu ya kontabilite, kwenye masini ya mezani, yaani kompyuta. Kila walichouza, kila kilichobaki depo, vyote vinalala ndani ya fichie moja, yaani faili. Siku moja wanaifungua, fichie inakataa. Wanaizima masini, wanaiwasha. Wanaipiga kofi. Wanaiombea. Yote yakishindikana ndipo wanakumbuka kwamba kuna Mama Neema, ndiye mimi, na wanampigia simu wakiwa wamekasirika, utadhani yeye ndiye aliyewazalia hiyo fichie.

Mimi niliingia kazini kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nafundisha wasichana kupiga mashine ya kuchapa, ile ya zamani ya kelele, na mashine zilikuwa zinakwama kila siku, basi nikazoea kuzifungua mwenyewe. Muzee Kambale, aliyeanzisha atelier hii, alikuja kuchukua barua yake akanikuta nimelala chini ya meza, miguu nje, natafuta springi. Akauliza, "Huyo ni nani?" Wasichana wakajibu, "Ni mwalimu." Akasema, "Mwalimu anachafuka hivyo? Mumulete kwangu."

Siku yangu ya kwanza aliniwekea mbele masini iliyokataa kufungua hesabu za duka moja la vitenge. Akaniuliza, "Unaanzia wapi?" Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyefungua mashine za kuchapa, nikashika tournevis, bisibisi. Muzee Kambale akaninyang'anya, akaiweka kwenye mfuko wake, na hakunirudishia mwezi mzima. "Kopi kwanza," akasema. "Fichie ya mutu ikiwa mugonjwa, hauigusi. Unafanya kopi, unaweka ya kweli pembeni, unahangaika na kopi. Ukiiua kopi, hakuna matanga. Ukiiua ya kweli, weye ndiye utavaa nyeusi." Vijana, hilo ndilo somo lote. Mengine ninayoandika hapa ni porojo ya mama mzee, lakini mkisahau kopi nitakuja kuwatafuta.

Begi lake nalo lilikuwa darasa. Tournevis, brashi ya kupaka rangi ya kutolea vumbi, flash kadhaa zilizofungwa nyuzi za rangi ili asichanganye ya mteja huyu na ya yule, na bonbon, zile pipi. Hakuwa anazila yeye. Alikuwa anampa mteja anayeongea sana amumunye, ili yeye afikiri kwa utulivu. Nami nilirithi mbinu hiyo, na niwaambie ukweli, bonbon imeokoa fichie nyingi kuliko ile programu ya kutengeneza tunayojivunia.

Somo lake la pili lilikuwa la mdomo. "Muteja akikuambia 'Sikugusa kitu', usimuite muongo. Muulize tu aligusa kwa mukono gani." Nilicheka siku ile. Sikucheka tena baada ya safari ya Komanda.

Komanda kulikuwa na depo ya malori. Sekretari wao, msichana msafi kupita kiasi, alikuwa na kitambaa cha kufutia meza kila baada ya mtu kuinuka. Hesabu zilikataa kufunguka na yeye aliapa kwa Mungu wa mbinguni kwamba hakugusa kitu. Nikampa bonbon. Nikakaa, nikafanya kopi, nikaangalia ndani ya fichie, nikaikuta imepungua kama mtu aliyetoka hospitali. Nikamuuliza kwa upole, "Dada, uligusa kwa mkono gani?" Akafikiri. "Ah, hapana kugusa. Nilisafisha tu." Kumbe aliiona fichie ya data pale kwenye masini, akaifungua na programu ya kuandikia barua, akakuta ndani alama za ajabu, vijiduara, vijisanduku, herufi ambazo si za Kifaransa wala za Kiswahili. Akasema moyoni, hii ni takataka. Akazifuta zote, akabakiza maneno yanayosomeka, akahifadhi, akaenda zake kula akiwa na amani. Zile takataka ndizo zilikuwa hesabu, jamani! Kwa bahati boss wake alikuwa mchoyo wa kufuta, na kopi ya juma lililopita ilikuwa bado kwenye masini nyingine. Tukaiweka, yule dada akaingiza upya karatasi za juma zima, na hakusafisha tena chochote ambacho hakina vumbi.

Aru nako, ofisi ya declarant mmoja anayepitisha mizigo mpakani, fichie ilikuwa inaharibika kila umeme ukikatika, ingawa walikuwa wamenunua ondulateur mpya. Ondulateur ni lile sanduku la betri linaloshikilia masini dakika chache ili mtu apate kufunga kazi yake vizuri. Nilifika nikakuta madereva wote wa mpakani wamechomeka simu zao pale, rallonge juu ya rallonge, zile nyaya za kurefushia umeme. Umeme ukikatika, sanduku lilikuwa linatoa sauti moja, piii, na kukata roho palepale. Nilichomoa simu zote. Madereva walinitukana kwa lugha zaidi ya nchi moja, na mpaka leo nina matusi mawili ya pale ambayo sijui maana yake.

Lakini fichie ninayotaka kuwaandikia ni ya Bunia hapa hapa, depo ya Papa Désiré. Wengine mmesikia nusu yake, nusu ya kuchekesha. Leo chukueni yote.

Papa Désiré alikuwa anauza simenti, mabati na mabomba. Mtu mwema kwa kimo chake, na kimo kilikuwa kirefu. Alikuwa shemasi kanisani kwake, na sauti yake ilikuwa ya shemasi hata akiagiza chai. Comptable wake, mwenye kumwekea hesabu, alikuwa Mama Lotsove. Huyo mama alitoka Kpandroma wakati watu walipokuwa wanakimbia, akafika Bunia na watoto na mfuko wa nguo. Alikaa kwanza kwenye kambi ya wakimbizi, kisha akapanga chumba, kisha akapata kazi kwa Papa Désiré kwa sababu aliingia depo kununua msumari akamsahihisha mtu wa kaunta hesabu yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipiga mstari kwa rula hata kwenye karatasi ya kufungia sambusa.

Depo hiyo ilikuwa imeniita tena na tena, fichie imeharibika. Kila mara naitengeneza, narudisha kopi, napewa soda, naondoka. Kila mara ilikuwa Jumatatu. Nililiona hilo, nikasema tu moyoni kwamba Jumatatu inaharibu kila kitu, hata watu. Sasa Jumatatu moja simu inalia, ni Papa Désiré mwenyewe, anapumua kama amepanda mlima.

"Mama Neema, kuya mbio! Masini imekamata muizi!"

Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi. Njiani nilikuwa najiuliza masini yetu gani hiyo imeanza kukamata wezi, maana tungeiuza ghali. Nilifika nikakuta wapakizi wa mizigo wameacha simenti kwenye lori, wateja wamesimama mlangoni, na ndani, juu ya mfuko wa simenti, Mama Lotsove amekaa na mkoba wake mapajani. Mlinzi wa depo amesimama karibu yake, anaangalia pembeni kwa aibu.

Papa Désiré akanivuta mbele ya masini. "Soma. Soma weye mwenyewe."

Nikasoma. Kwa Kifaransa, katika kisanduku chekundu, ilikuwa imeandikwa: *Fichier de données corrompu. Contactez votre administrateur.*

Kwa Kifaransa cha masini, corrompu maana yake fichie imeharibika. Basi. Lakini kwa Kifaransa tunachosikia kwenye redio asubuhi mpaka jioni, corrompu ni mtu wa rushwa, mtu aliyekula. Papa Désiré alikuwa amesoma neno hilo kwenye masini ya comptable wake, akaona mbingu zimefunguka. Masini imesema. Haina undugu na mtu, haina kabila, haina njaa. Kama inasema kuna corrompu hapa, yupo, na anayekaa kwenye kiti hicho ni mmoja.

"Na administrateur?" nikauliza, nikiogopa jibu.

"Si imeandika contactez? Nimetuma moto kumutafuta administrateur wa teritware."

Ee Mungu wangu. Masini ilisema aitwe administrateur wake, na huyo ni mimi, fundi. Yeye ametuma mtu kwa mkubwa wa serikali aje ashuhudie. Nashukuru hata leo kwamba yule wa moto hakumkuta ofisini.

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia, Papa, neno hili ni la fichie, si la mtu. Masini haijui hata kwamba Mama Lotsove yupo duniani. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanamke anayemtetea mwanamke mwenzake. "Mama Neema, weye uko naficha rafiki yako. Kama si yeye, nani anaharibisha fichie yangu kila wakati? Onyesha mutu. Ukionyesha, nitanyamaza. Usipoonyesha, huyu anaenda polisi mbele ya saa sita, na batu bote bamuone."

Nilikasirika. Niwaambie bila kupamba: nilitamani kumchapa kwa rallonge, shemasi na cheo chake. Badala yake nikamwendea Mama Lotsove, nikachuchumaa.

"Mama Neema," akasema polepole, "kwetu kule nyumba ilichomwa. Mashamba niliacha. Nilifika hapa na batoto na jina, hakuna kingine. Kama leo natoka hapa muizi, nani wa Bunia hii atanipa tena kazi? Bataniambia, si ule wa kambi, wa kwa Désiré."

Nikainuka nikaenda kufanya kazi, maana hilo ndilo ninalojua.

Kopi kwanza. Hata siku ile, na hasira yangu yote, kopi kwanza. Nikaangalia ndani: mwanzo wa fichie ulikuwa mzima, katikati mzima, mkia mweupe. Hakuna kilichofutwa kwa mkono. Fichie yenye mkia mweupe ni fichie iliyokatiwa umeme ikiwa wazi, programu ikiwa bado na maneno mdomoni. Sasa, umeme unakatwa vipi masini ikiwa na ondulateur? Nikainama chini ya meza. Pale palipokuwa na ondulateur, niliyoifunga mwenyewe, palikuwa na alama ya mraba kwenye vumbi.

"Ondulateur iko wapi?" nikauliza.

Papa Désiré akakohoa. Mama Lotsove akaangalia chini. Nilipoona yule anakohoa na huyu anaangalia chini, nikaelewa kwamba kuna jambo ambalo haliwezi kusemwa wote wakiwa chumba kimoja.

Nikamwambia Papa Désiré kwamba nataka kuifanyia masini matibabu na haiwezi kutibiwa mbele ya watu, inashika aibu. Fundi mwingine angesema hivyo wangemfukuza. Lakini nilisema kwa sauti ya mganga, macho nimeyafumba nusu, na Papa Désiré, shemasi mzima, akatoka akafunga mlango taratibu. Nikabaki na Mama Lotsove.

"Ijumaa, ukimaliza kazi, unaifunga je hii masini?"

"Sifungake. Naweka mu veille."

"Juu ya nini?"

Akaangalia mlango. Nikampa bonbon. Akaishika tu mkononi.

"Papa Désiré ndiye alisema," akanong'ona. "Ijumaa anaenda mu veillée, mukesha ya maombi. Alisema, siye batu tutakesha, masini nayo isilale. Niiweke mu veille, ikeshe, ichunge data mupaka Jumatatu. Mimi naweka. Kisha yeye anazima groupe ya umeme, mafuta yasiishe. Na ondulateur anaibeba."

"Anaibeba wapi?"

"Kanisani. Kwa kinanda. Courant inakatikaka katikati ya sifa."

Nilikaa kwenye kiti. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kupiga chafya kwa ajili ya vumbi. Mnaona jambo lenyewe? Veille ya masini ni kusinzia. Masini inasinzia na fichie ikiwa wazi, kama mtu aliyelala kitini na sahani ya supu mkononi. Umeme ukiwepo, anaamka anaendelea kula. Ukikatwa, supu yote iko chini. Papa Désiré alikuwa amesikia veille akaelewa veillée, akadhani ameiajiri masini kuwa mlinzi wa usiku. Kisha kila Ijumaa, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa anamzimia mlinzi wake jenereta, anamnyang'anya betri, na kwenda kumsifu Mungu nayo.

"Sasa Mama, kwa nini hukusema? Umekaa juu ya simenti unangojea polisi!"

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Niseme mbele ya bapakizi kwamba patron ndiye? Atapata haya. Nikipatisha patron haya, hata kama si muizi, kazi imeisha. Na kama sisemi, niko muizi. Weye ungefanya nini?"

Nilikuwa na jibu la hasira tayari, nikalimeza. Alikuwa na haki. Nikimtoa Papa Désiré nje na kumwambia mbele ya watu "ni wewe", Mama Lotsove anashinda asubuhi na kupoteza kazi jioni. Ilibidi mtu mwenyewe ajikamate, tena afurahie kujikamata. Nikawaza kidogo. Kisha nikafungua mlango.

"Papa Désiré," nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "masini imekubali kuonyesha nani anaiharibu. Lakini inataka mkesha."

Watu wakasogea. Bolingo, kapita, yaani msimamizi wa wapakizi, mtu wa mdomo usiokuwa na mlango, akaingia wa kwanza akakaa mbele kama yuko ibadani. Nikamwomba Mama Lotsove asimame nje kabisa, karibu na lori, ambapo kila mtu anamwona na mikono yake. Nikaiweka kopi, si fichie ya kweli, mbele ya Papa Désiré. Nikamwambia akae yeye kwenye kiti.

"Mimi?"

"Wewe. Wewe ni mtu wa mkesha. Hakuna mwingine hapa anayejua kukesha kama wewe."

Hilo lilimpendeza. Akakaa, akanyoosha shati. Nikamwonyesha afungue hesabu, aandike mauzo ya uongo, mabati ya Bolingo. Bolingo akapiga kelele kwamba aandikiwe mengi. Tukacheka kidogo. "Sasa iweke veille, Papa, kama Ijumaa." Akaiweka, kwa kidole chake kinene, kwa uangalifu. Kioo kikawa cheusi. "Iko nakesha," akawaambia watu, kwa fahari. "Sasa Papa, Ijumaa baada ya hapo unafanya nini?" Akainuka bila kufikiri, kwa mazoea tu, akatoka nyuma ya depo, tukasikia groupe inakohoa, inanyamaza. Akarudi anapangusa mikono. Alipofika mlangoni nikaona uso wake umeanza kubadilika. Hakuwa mjinga yule mzee. Alikuwa tu hajawahi kujitazama akifanya.

Groupe ikawashwa tena. Masini ikaamka polepole. Papa Désiré akakaa, akafungua hesabu. Kisanduku chekundu kikatokea mbele ya pua yake.

"Soma, Papa," nikasema.

Hakusoma. Bolingo ndiye aliyesoma, kwa sauti ya mwalimu wa shule ya msingi: "Fi-chier... cor-rom-pu." Kisha akageuka, macho yamemtoka, akauliza kwa heshima kubwa kabisa, "Papa, tutume tena moto kwa administrateur?"

Nilimtazama Papa Désiré, mshipa wa shingo yake, na niliona kila kitu kimening'inia pale: kazi ya Mama Lotsove, chumba chake, watoto. Akipandwa na hasira, tumekwisha. Bega lake likatikisika. Likatikisika tena. Halafu likamtoka, kicheko kikubwa cha shemasi, mpaka akashika meza, mpaka machozi, mpaka wateja wa mlangoni nao wanacheka bila kujua wanacheka nini.

"Mimi!" akawa anasema. "Mimi ndiye corrompu! Na ondulateur nikabeba!"

Alipomaliza alipangusa macho kwa leso, na sura yake ikawa nyingine. Akatoka nje mpaka kwenye lori. Sote tukamfuata. Akasimama mbele ya Mama Lotsove, mrefu vile, akainamisha kichwa.

"Mama Lotsove, nilikuita muizi mbele ya batu. Nasema pole mbele ya batu bale bale. Jina lako iko safi. Kuya ukamate kiti yako."

Mama Lotsove alipita katikati yetu, akaingia, akakaa, akatoa kwenye fundo la kitenge chake flash iliyofungwa uzi mwekundu. Ilikuwa kopi ya Ijumaa mchana. Alikuwa anaifanya kila Ijumaa kabla ya kuiweka masini veille, kwa sababu mimi nilimfundisha, na alikuwa nayo kiunoni wakati wote ule anangojea polisi. Tukairudisha. Kilichopotea kilikuwa ni mauzo ya jioni moja, aliyaingiza upya kabla ya chakula. Ndipo akaanza kulia, mikono ikiwa bado inaandika, na sisi tukajifanya tunaangalia simenti.

Kanisa lilinunua ondulateur yake. Papa Désiré aliandika kwa mkono wake kwenye ukuta juu ya masini: FUNGA, ZIMA, LALA. Nami tangu siku ile sikulitamka tena lile neno corrompu mbele ya mteja, na ninyi msilitamke. Semeni fichie imeoza. Kitu kikioza, kila mtu anajua ni joto, ni siku zimepita, hakuna anayeita polisi kwa ajili ya nyanya.

Sasa turudi kwenye sherehe yenu, ile ya kuniaga. Mlikuwa mmepanga viti, hotuba zimeanza kuwa ndefu, mimi nasinzia kwenye veille yangu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja aliyevaa vizuri, na nyuma yake mzee mrefu amebeba kreti ya soda kichwani kama mpakizi. Ninyi vijana mkainuka mkauliza, Mama, wewe ni nani? Akasimama katikati ya atelier, akarekebisha kitenge, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake miaka yote ile:

"Mimi ndiye corrompu wa kwa Désiré."

Akacheka yeye wa kwanza. Papa Désiré akacheka mpaka chupa zikagongana kichwani pake. Wengi wenu hamkuelewa, mkacheka kwa adabu. Baadaye, mlipokuwa mnagombania soda, alinivuta pembeni akaniambia kwamba ile saa, ninyi mlichanga mkampa Papa Désiré pesa, lakini Papa akamtuma yeye sokoni kuichagua. Nikamuuliza kwa nini hakuchukua ile nzuri zaidi, ya kuchomeka kwenye umeme, yenye taa.

"Hii iko na betri yake ndani," akasema. "Hakuna patron ataizimia groupe."